Kupanga mwonekano wa kozi ya mtandaoni kwa CSS: mwongozo kamili kutoka darasa la hati za kale, Lamu

Mwanafunzi wangu mmoja, bibi wa makamo anayeishi Shela, alinipigia simu saa saba mchana akiwa kwenye baraza yake. "Maalim, hapa umeandika 'yale', na mimi naona maana yataka 'pale'. Nani amekosea, mimi au wewe?" Nilifungua somo kwenye kompyuta yangu nikaona neno liko sawa: پ yenye nukta tatu chini. Nikampitia jioni nikaishika simu yake. Kwake ile nukta ya chini kabisa ilikuwa imekatwa na ukingo wa kisanduku, zikabaki mbili za juu yake. Na پ ya mwanzo wa neno ikibaki na nukta mbili, hiyo ni ي. Bibi alikuwa amesoma sawasawa kile alichoonyeshwa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika msimbo wa mistari miwili ili visanduku vyote vilingane urefu, vipendeze.

Nafundisha kusoma Kiswahili cha kale kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wangu wako hapa mjini, wako Mombasa na Unguja, na wengine ughaibuni. Tangu siku ile sipangi mwonekano wa ukurasa kama mapambo tena. Naupanga kama sehemu ya somo lenyewe. Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenzangu ambaye ana kozi mtandaoni, hajawahi kuwa mtaalamu wa kompyuta, na anataka kurasa zake zisomeke vizuri. Ukifundisha hesabu, ushonaji wa kofia au uundaji wa jahazi, karibu yote yatakufaa. Sehemu ya herufi za Kiarabu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa kuwa miongozo mingi huiruka, na madrasa na walimu wa Kiarabu wa pwani nzima wanaihitaji.

Mfano wangu ni Moodle. Ni programu huria ya kuendeshea kozi, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Haina ada ya leseni, na vyuo vingi vya Kenya vinaitumia, kwa hiyo huenda tayari umeingia humo kama mwanafunzi. Ukitumia mfumo mwingine, majina ya menyu yatabadilika, lakini CSS, ile lugha ya kuuambia ukurasa uonekane vipi, ni ileile.

Jua kwanza una funguo gani

Kuna ngazi mbili, na nimeona watu wakipoteza siku nzima wakitafuta menyu ambayo hawajapewa.

Ukiwa msimamizi wa tovuti nzima, ingia "Site administration", kisha "Appearance", kisha "Themes". Fungua mipangilio ya Boost, ambayo ndiyo themu, yaani vazi la tovuti, ya kawaida ya Moodle, na uende kwenye kichupo cha "Advanced settings". Chini kuna kisanduku kinachoitwa "Raw SCSS". Humo ndimo utakamobandika CSS yako. SCSS ni CSS iliyoongezewa uwezo, hivyo CSS ya kawaida inakubalika humo bila kubadilishwa.

Ukiwa mwalimu tu, kisanduku hicho hutakiona. Usife moyo. Unaweza kuandika HTML yako, yaani lugha inayoujenga ukurasa wenyewe, ndani ya somo: fungua kihariri cha maandishi, tafuta kwenye menyu zake palipoandikwa "Source code", na utaona matumbo ya ukurasa wako. Hapo unaweka mtindo ndani ya elementi yenyewe, yaani kipande kimoja cha ukurasa kama aya au kichwa, hivi:

```
<p style="font-size: 1.2rem; line-height: 1.8;">Maelezo ya somo…</p>
```

Njia hii inachosha kwa sababu unairudia kila mahali. Mwalimu mwenye masomo 30 atakuja kubadilisha rangi moja mara 30. Kama unaweza kumwomba msimamizi wako akubandikie mistari 20 katika "Raw SCSS", mwombe. Mpelekee ikiwa imeshajaribiwa, ikiwa na maelezo, na ikigusa kozi yako peke yake. Msimamizi hukataa kwa sababu anaogopa kozi za wengine zitaharibika. Ukimwonyesha kwamba haiwezekani, kwa kawaida hukubali. Namna ya kuifunga katika kozi moja inakuja hapa chini.

Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza kozi ya majaribio. Moodle ina uwezo wa kunakili kozi, nawe ukiwa na ruhusa nakili ile yako halisi, uifiche wanafunzi wasiione. Majaribio yote yafanyike huko.

Pili, usiandike CSS moja kwa moja kwenye kisanduku cha mfumo. Iandike kwenye faili la maandishi ya kawaida katika kompyuta yako, uliite mathalani mtindo-kozi.css, kisha unakili na kubandika. Stima ikikatika ukiwa hujahifadhi, na hapa kwetu hukatika, kilichomo kwenye kivinjari kimekwenda. Na kila unapobadilisha kitu, weka maelezo juu yake kati ya alama hizi:

```
/* 12 Machi: nimeongeza nafasi ya mistari, nukta zilikuwa zinakatwa */
```

Kompyuta huyaruka maelezo hayo, haiyasomi. Ni yako wewe wa miezi sita ijayo.

Kuupekua ukurasa

Kwa hatua hii utahitaji kompyuta. Fungua ukurasa wa kozi, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kitu unachotaka kubadilisha, uchague "Inspect". Kidirisha kitafunguka kikionyesha HTML ya ukurasa upande mmoja na CSS inayoutawala upande mwingine. Humo unaweza kubadilisha rangi na vipimo ukaona matokeo papo hapo, na hakuna kinachoharibika: ukipakia ukurasa upya kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Mimi nilijifunza nusu ya CSS ninayoijua kwa kuchezea kidirisha hiki.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni elementi ya body, iliyo karibu na juu kabisa. Moodle huipa orodha ndefu ya klasi, yaani majina ambayo CSS huyatumia kukitambua kitu, na mojawapo ni namba ya kozi, kwa mfano course-14. Namba hiyo unaiona pia kwenye anwani ya ukurasa mkuu wa kozi, mwishoni: view.php?id=14. Angalia usiichukue ukiwa ndani ya somo au jaribio, maana id inayoonekana huko ni ya shughuli hiyo, si ya kozi. Mimi ilinipotezea asubuhi nzima.

Kanuni ya kwanza

Hii hapa kanuni moja kamili:

```
.course-14 .sectionname {
  color: #0b4f6c;
  font-size: 1.4rem;
}
```

Mstari wa kwanza ni kichaguzi. Unasema: tafuta vitu vyenye klasi ya sectionname, yaani vichwa vya sehemu za kozi, vilivyo ndani ya ukurasa wenye klasi ya course-14. Nukta mbele ya jina maana yake ni klasi. Nafasi kati ya majina mawili maana yake ni "kilicho ndani ya". Kati ya mabano ya mawimbi kuna sifa na thamani, zikitenganishwa na nukta pacha, na kila mstari unafungwa kwa nukta mkato. Kipimo cha 1rem ni ukubwa wa kawaida wa maandishi ya ukurasa. Ukisahau nukta mkato, sifa hiyo na inayofuata zinaweza kutofanya kazi. Ukisahau kufunga bano, Moodle itakataa kuhifadhi na kukuambia SCSS ina kosa. Shukuru, maana imekuokoa.

Ile .course-14 ya mwanzo ndiyo kufuli. Kila kanuni utakayoandika ianze nayo, na kozi ya jirani haitaguswa. Hilo ndilo la kumwonyesha msimamizi.

Bandika, hifadhi, pakia ukurasa upya. Ikibadilika rangi, umeshavuka sehemu ngumu.

Rangi, na jua la saa saba

Wengi huanza na rangi za nembo. Mimi nakushauri uanze na jua. Wanafunzi wangu wanasoma barazani, kwenye mashua kati ya Shela na mjini, gatini wakisubiri mizigo, na mwangaza wa kisiwani ukipiga kioo cha simu, maandishi ya kijivu kilichofifia huyaoni kabisa.

Kuna kipimo cha jambo hili. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi hukipenda, hakifiki hata 3. Kijivu #767676 ndicho kinachopita kwa shida. Vidirisha vya kukagua vya Chrome na Firefox vinaonyesha uwiano huu ukibonyeza kile kisanduku kidogo cha rangi kando ya sifa ya color, hivyo huna haja ya kukisia.

Mimi natumia rangi tatu tu, nazo nimezipa majina:

```
.course-14 {
  --bahari: #0b4f6c;
  --chokaa: #fbf6ea;
  --nakshi: #5a3a22;
}
```

Bahari kwa vichwa, chokaa kwa usuli wa visanduku, na nakshi, ile hudhurungi ya mbao za milango yetu, kwa mapindo. Baada ya hapo popote unapotaka rangi unaandika var(--bahari). Ukibadili mawazo, unabadilisha mstari mmoja na kozi nzima inafuata. Buluu hiyo juu ya nyeupe ina uwiano wa karibu 9 kwa 1, na inasomeka barazani.

Usitegemee rangi peke yake kubeba maana. Ukisema "majibu sahihi yako kwa kijani", kuna mwanafunzi asiyetofautisha kijani na nyekundu. Andika na neno.

Kisanduku ni kanga

Kwa CSS kila kitu kwenye ukurasa ni kisanduku: aya, picha, kitufe, kichwa. Wanafunzi wa kike katika darasa langu walilielewa jambo hili haraka kuliko mimi nilivyolielewa, kwa sababu nilileta kanga mezani. Kanga ina mji, ile sehemu ya katikati. Ina pindo linaloizunguka. Kisanduku cha CSS pia kina mji, yaani maandishi yenyewe, na kina pindo, border. Kati ya mji na pindo kuna nafasi, padding. Na ukitandika kanga mbili kitandani zisigusane, nafasi iliyo kati yake ni margin.

```
.course-14 .modtype_quiz .activity-item {
  background-color: var(--chokaa);
  padding: 1rem;
  border-inline-start: 4px solid var(--nakshi);
  margin-bottom: 1rem;
}
```

Hapa nimechukua majaribio yote ya kozi nikayapa usuli wa chokaa na pindo la upande mmoja, ili mwanafunzi akipita ukurasa mrefu ayaone. Klasi ya modtype_quiz huwekwa na Moodle yenyewe; jukwaa la majadiliano lina modtype_forum, kazi ya kukusanya ina modtype_assign.

Makosa ya wanaoanza karibu yote yako kwenye padding. Huweka pindo zuri, kisha maandishi yakaliganda. Weka walau 1rem. Na kosa langu la pale Shela lilikuwa hili, naliandika lote ili usilirudie:

```
height: 48px;
overflow: hidden;
```

Mstari wa kwanza unalazimisha urefu. Wa pili unasema kinachozidi kikatwe. Kwenye kompyuta yangu neno lilienea. Kwenye simu ya bibi, ambaye ameongeza ukubwa wa maandishi kwa ajili ya macho yake, halikuenea, na nukta ikakatwa. Usipangie urefu kisanduku chenye maandishi. Kiache kirefuke. Kama ni lazima kiwe na urefu wa chini, tumia min-height, ambayo inaruhusu kukua.

Hati zinazosomwa kutoka kulia

Sasa tumefika nyumbani. Mengi ya niliyoandika hapa hayahusu Kiswahili cha kale tu. Mwalimu wa Kiarabu au wa Kurani anakutana nayo yaleyale.

Jambo la kwanza ni mwelekeo, nao unawekwa kwenye HTML, si kwenye CSS:

```
<p class="hati" dir="rtl" lang="sw-Arab">…</p>
```

Sifa ya dir="rtl" inasema maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto. lang="sw-Arab" inasema hiki ni Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Watu wengi husukuma tu maandishi kulia kwa text-align: right, wakadhani wamemaliza. Yanaonekana sawa mpaka sentensi iwe na nukta mwishoni, au mabano, au tarakimu. Hapo alama zinaruka upande usio wao. Mwelekeo ukiwa umewekwa vizuri, alama zinajipanga zenyewe. Na ukitia neno la herufi za Kilatini katikati ya mstari wa Kiarabu, lifunge ndani ya <bdi>neno</bdi> lisivuruge majirani zake.

Ndiyo maana pia kule juu nilitumia border-inline-start badala ya border-left. "Start" ni mahali maandishi yanapoanzia. Kwenye Kilatini pindo litakaa kushoto, na kwenye hati litahamia kulia lenyewe. Kanuni moja, pande mbili.

Jambo la pili ni fonti. Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina. Waandishi wa zamani mara nyingi walitumia ب hiyohiyo kwa b, p na mb, msomaji akajua kwa maana. Baadaye zikazoeleka herufi za ziada kama پ na چ na ڤ. Si kila fonti ya simu ina herufi hizo kwa uzuri uleule. Ikikosekana, kivinjari huiazima kutoka fonti nyingine na neno likawa na herufi moja nene na nyingine nyembamba, au likatoka kijisanduku kitupu. Fonti ninayoiamini ni Scheherazade New, ya bure, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya lugha nyingi zinazoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Msimamizi huiingiza kupitia "Appearance", kisha "Additional HTML", katika kisanduku cha "Within HEAD":

```
<link rel="stylesheet" href="https://fonts.googleapis.com/css2?family=Scheherazade+New&display=swap">
```

Lile neno swap la mwisho lina faida kubwa kwa mwenye bando dogo: maandishi yanatokea mara moja kwa fonti ya simu, kisha yanabadilika fonti nzuri ikishafika. Bila hilo, mwanafunzi anaweza kutazama ukurasa mtupu kwa muda.

Kisha CSS:

```
.course-14 .hati {
  font-family: "Scheherazade New", "Noto Naskh Arabic", serif;
  font-size: 1.7rem;
  line-height: 2.1;
  letter-spacing: normal;
  font-style: normal;
}
```

Angalia vipimo. Herufi za Kiarabu huonekana ndogo kuliko za Kilatini kwa ukubwa uleule, na juu na chini yake kuna irabu za fataha, kasra na dhuma, pamoja na alama ya shada. Maandishi ya Kilatini yanapumua vizuri kwa line-height, yaani nafasi ya mistari, ya 1.5. Hati yenye irabu ikipewa 1.5, kasra ya mstari wa juu inagongana na fataha ya mstari wa chini, na mwanafunzi mchanga hajui ipi ni ya nani. Nimejaribu 1.8, nikajaribu 2, nikatulia kwenye 2.1. Jaribu na fonti yako ukitazama mstari wenye shada na kasra nyingi, si mstari rahisi.

Usiweke letter-spacing yoyote kwenye hati. Herufi hizi zimeshikana mikono, na ukizitenga neno linakatika. Wala usizilaze kwa italiki. Ukitaka kusisitiza, tumia rangi au ukubwa.

Kuupanga ubeti

Utenzi una ubeti wa vipande vinne, na katika miswada mingi ya zamani vipande hivyo vilipangwa kwa safu mstarini, si kimoja chini ya kingine kama vitabu vya shule. Nilitaka wanafunzi wauone ubeti ukiwa na sura yake. HTML ni hii, na beti niliitunga mwenyewe kwa mfano:

```
<div class="ubeti" lang="sw">
  <div>Mwanafunzi karibia</div>
  <div>Somo lako nakwambia</div>
  <div>Herufi ukitumia</div>
  <div>Hutopotea njiani</div>
</div>
```

Na mtindo wake:

```
.course-14 .ubeti {
  display: grid;
  grid-template-columns: 1fr 1fr;
  gap: 0.5rem 2rem;
  padding: 1rem;
  margin: 1.5rem 0;
  background-color: var(--chokaa);
  border-inline-start: 4px solid var(--nakshi);
}
```

display: grid inageuza kisanduku kuwa gridi, na 1fr 1fr ni safu mbili zenye upana sawa. Kwa ubeti wa hati unaongeza tu klasi na mwelekeo: <div class="ubeti hati" dir="rtl" lang="sw-Arab">. Gridi inautii mwelekeo. Kipande cha kwanza kitakaa kulia, cha pili kushoto yake, bila wewe kubadilisha mstari wowote wa CSS. Mara ya kwanza kuliona hilo likitokea niliita watu waje waone.

Simu ndiyo darasa

Kwenye simu nyembamba safu mbili zinabanana na vipande vinavunjika katikati. Kwa hiyo:

```
@media (max-width: 600px) {
  .course-14 .ubeti {
    grid-template-columns: 1fr;
  }
}
```

Maana yake: skrini ikiwa na upana usiozidi pikseli 600, tumia safu moja. Weka kipande hiki chini ya kanuni ya kwanza ya ubeti, si juu yake, kwa sababu kanuni mbili zenye nguvu sawa zikishindana, ya mwisho ndiyo inayoshinda.

Vitufe na viungo viwe vikubwa vya kutosha kwa kidole. Kiwango cha chini cha WCAG 2.2 ni pikseli 24 kwa 24. Mimi nalenga 44, kipimo cha ngazi yake ya juu, maana nina wanafunzi ambao mikono yao imeshika makasia na randa maisha yote.

Kuna jambo moja linalowashangaza walimu wengi: programu ya Moodle ya simu haifuati CSS uliyoweka katika themu. Mwanafunzi anayeingia kwa kivinjari anaona rangi zako, na anayetumia programu haoni. Msimamizi anaweza kuelekeza programu kwenye faili la CSS kupitia mipangilio ya "Mobile appearance", lakini klasi za ndani yake si zilezile za tovuti, kwa hiyo usitegemee kunakili tu. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka mwelekeo kwenye HTML. dir="rtl" inasafiri na somo popote liendapo, hata rangi zikibaki nyuma.

Ikikataa

Umebandika, umehifadhi, hakuna kilichobadilika. Fuata mpangilio huu. Pakia upya kwa Ctrl, Shift na R, maana kivinjari huenda kinaonyesha nakala ya zamani. Ikikataa, nenda "Site administration", "Development", "Purge caches", ufute akiba ya mfumo. Ikikataa bado, fungua kidirisha cha kukagua, bonyeza kitu chenyewe, utazame orodha ya kanuni. Kanuni yako ikiwa haimo kabisa, jina la klasi umelikosea au namba ya kozi si yenyewe. Ikiwa imo lakini imepigwa mstari, kuna kanuni nyingine yenye nguvu zaidi: kichaguzi chenye id, ile alama ya #, kinashinda klasi, na klasi inashinda jina la elementi tupu. Ongeza klasi moja kwenye kichaguzi chako kiwe mahususi zaidi. Neno !important litakutatulia leo, kisha kesho utalihitaji kulishinda lile la leo. Mimi nimelitumia mara moja tu katika faili lote, na juu yake nimeandika sababu.

Ikiwa klasi zako zinatoweka kwenye somo lenyewe, rudi kwenye "Source code" utazame kama bado zipo. Moodle husafisha HTML katika sehemu zinazoandikwa na wanafunzi, kwa usalama wa wote, na kihariri nacho huweza kupanga upya ulichoandika.

Yapo niliyoyajaribu nikayaondoa. Picha kubwa ya mbele ya mji nyuma ya maandishi: ilipendeza, ikala bando, na hakuna aliyesoma kitu juu yake. Vichwa vinavyoteleza kuingia: vilimtia kizunguzungu mwanafunzi mmoja. Na display: none ya kuficha majibu ya mazoezi, hiyo usiitumie kabisa. Inakificha kitu machoni tu, kumbe bado kimo ndani ya ukurasa, na mwanafunzi yeyote anayejua "Inspect" atakisoma. Majibu yafiche kwa mipangilio ya Moodle ya kuzuia ufikivu.

Kabla ya kuwafungulia

Hamisha CSS kutoka kozi ya majaribio kwenda halisi kwa kubadilisha ile namba ya .course-14, mara moja, kwa kutafuta na kubadilisha katika faili lako. Kisha chukua simu ya bei nafuu, si yako, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho, utoke nje juani ufungue somo la kwanza.

Mimi simu hiyo naazima kwa yule bibi wa Shela. Nakaa pembeni yake barazani, nanyamaza, naye anasoma kwa sauti kutoka juu hadi chini. Anapokwama nauliza anaona nini, si anadhani nini. Mara ya mwisho alikwama mara mbili: mahali pamoja kiungo kilikuwa karibu mno na kingine, mahali pengine shada ilikuwa imepanda juu ya alifu. Nilirekebisha nikiwa palepale, akapakia upya, akaendelea na ubeti wa tatu.